Jinsi ya kuchambua mfumo wa kibiolojia kwa kanuni za uhandisi wa udhibiti: kalsiamu katika damu ya ng'ombe aliyezaa

Mhandisi wa udhibiti anapoutazama mwili wa mnyama kwa mara ya kwanza, huvutiwa na jinsi viwango vingi vya damu vinavyokaa karibu palepale hata pale matumizi yanapoongezeka maradufu kwa siku moja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuligeuza jambo hilo kuwa kazi yenye hesabu: jinsi ya kuchagua kinachodhibitiwa, kuandika mizani yake, kubaini aina ya kidhibiti kilichomo mwilini, na kupima kama dhana yako inasimama. Msomaji ninayemkusudia anaelewa maana ya kasi ya mabadiliko na anaweza kutumia lahajedwali ya kompyuta. Ujuzi zaidi ya huo utamsaidia, lakini si sharti.

Nimechagua mfano mmoja na nitaufuata hadi mwisho, nao ni kalsiamu katika damu ya ng'ombe wa maziwa siku anapozaa. Usumbufu unaoingia katika mfumo huu huja kwa siku inayojulikana, ni mkubwa kupita kiasi, na unapimika kwa ndoo. Mfumo unaposhindwa, matokeo yake ni homa ya maziwa, ugonjwa ambao wafugaji wa ng'ombe wa kisasa katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya wanaujua vizuri: ng'ombe aliyezaa jana analala kwa kifua, shingo imepinda kichwa kikielekea ubavuni, pua imekauka, masikio ni ya baridi, naye hainuki hata akisukumwa. Mwaka 2002 Hana El-Samad, Jesse Goff na Mustafa Khammash walichapisha nchini Marekani uchambuzi wa tatizo hili kwa mtazamo wa uhandisi wa udhibiti. Ninafuata njia yao kwa sehemu kubwa, ila namba za mazoezi nimeziweka mwenyewe, na kuna mahali nitatofautiana nao kidogo.

Anza na usumbufu

Mtu aliyetoka upande wa biolojia huelekea kuanza kwa kuorodhesha kila molekuli inayojulikana na kuziunganisha kwa mishale, mpaka karatasi inajaa na hakuna swali lililojibiwa. Aliyetoka upande wa uhandisi huchora kidhibiti cha joto la pasi, kisha analazimisha kila kiungo cha mwili kiingie katika kisanduku chake. Njia zote mbili zinaepukika ukijiuliza kwanza maswali matatu tu: ni kiasi gani kinacholindwa, ni nini kinachokivuruga, na baada ya kuvurugwa kinarudi wapi.

Kinacholindwa hapa ni kiwango cha kalsiamu katika plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kiwango ambacho kwa ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya miligramu 85 na 100 kwa lita. Kinachokivuruga ni maziwa. Kilo moja ya maziwa ya kawaida hubeba takriban gramu 1.2 za kalsiamu, na dang'a hubeba karibu gramu 2, kwa hiyo ng'ombe anayetoa kilo 10 za dang'a hupoteza gramu 20 hivi katika ukamuaji mmoja, ilhali plazma yake yote ina takriban gramu 3 tu. Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine. Karibu kila ng'ombe hushuka kidogo baada ya kuzaa, hufika chini kabisa kati ya saa 12 na 24, kisha katika siku mbili au tatu hivi hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida, na wakati huo wote maziwa yanaendelea kutoka na hata kuongezeka. Kurudi palepale huku usumbufu ukiwa bado upo ni ushahidi mkubwa kuhusu umbo la kidhibiti, hata kabla hujataja homoni yoyote.

Andika mizani ya dimbwi

Hatua ya pili ni kuchora mpaka na kuhesabu kinachouvuka. Usichukue plazma peke yake, kwa sababu kalsiamu ya plazma hubadilishana haraka na ya majimaji mengine yaliyo nje ya seli. Dimbwi lenye maana ni majimaji hayo yote kwa pamoja, ambayo kwa ng'ombe wa kilo 600 hivi yana kalsiamu ya gramu 8 hadi 9. Nitachukua gramu 9 katika lita 90, ili gramu moja ikipungua kiwango kishuke kwa miligramu 11 kwa lita.

Kinachoingia katika dimbwi hutoka kwenye utumbo, unaofyonza kalsiamu ya chakula, na kwenye mifupa, ambayo ndiyo ghala kuu. Kinachotoka huenda kwenye maziwa, mkojo, kinyesi, na kabla ya kuzaa, kwa ndama aliye tumboni. Kasi ya mabadiliko ya dimbwi ni kinachoingia ukitoa kinachotoka, na sentensi hiyo ndiyo mlinganyo wako wa kwanza. Chukulia kwamba kabla ya kuzaa pande mbili zilikuwa sawa, kisha siku ya kuzaa matumizi yakaongezeka ghafla kwa gramu 30 kwa siku, yaani sawa na kilo 25 za maziwa. Nitaita ongezeko hilo U. Nitaita P pengo la dimbwi, yaani gramu zilizopungua kutoka zile 9.

Kabla ya kuweka kidhibiti chochote, hesabu kitakachotokea bila hicho. Gramu 9 zikigawanywa kwa gramu 30 kwa siku ni siku 0.3, yaani saa 7 na dakika 12, na dimbwi limekauka. Usiiruke hesabu hii katika mfumo wowote utakaouchambua, kwa sababu inakuambia kidhibiti kinahitaji kuwa na kasi gani. Hapa jibu ni la saa, kwa hiyo njia yoyote ya mwili inayohitaji siku mbili kuamka haiwezi kuwa ndiyo iliyomwokoa ng'ombe usiku wa kwanza.

Jaribu kidhibiti rahisi kuliko vyote

Kuna tezi ndogo za paratiroidi shingoni ambazo seli zake zina kipokezi kinachotambua kalsiamu. Kipokezi hicho kilitambuliwa kwa uhakika mwaka 1993. Kalsiamu ikishuka, tezi hutoa homoni ya paratiroidi ndani ya dakika chache, na homoni hiyo huondoka katika damu ndani ya dakika chache vilevile. Kwa mwendo wa kuhesabu kwa saa na siku, kiasi cha homoni kinafuata pengo papo hapo: pengo likiwa kubwa, homoni ni nyingi, na pengo likifungika, homoni inakwisha. Huu ni udhibiti wa uwiano. Homoni huifanya mifupa itoe kalsiamu, nazo figo ziache kuipoteza. Kwamba tezi hizi ndizo zinazoshika usukani lilionekana tangu 1909, MacCallum na Voegtlin walipoonyesha kwamba mbwa walioondolewa tezi hizo walipungukiwa kalsiamu katika damu, na mitetemeko yao ilitulia walipopewa chumvi za kalsiamu.

Andika basi: nyongeza inayoingia ni a mara P. Mizani inakuwa: kasi ya ukuaji wa pengo ni U − aP. Pengo litaacha kukua pale aP inapolingana na U, yaani P inapokuwa U/a. Ukichukua a kuwa 15 kwa siku, pengo linatulia kwenye gramu 2 baada ya saa chache, na kiwango cha damu kinabaki karibu miligramu 78 kwa lita kwa muda wote ambao ng'ombe anakamuliwa.

Hapo dhana imeanguka, kwa sababu ng'ombe halisi hurudi. Unaweza kuongeza a ili pengo lipungue, lakini haliwezi kufika sifuri: udhibiti wa uwiano unahitaji pengo ili uweze kufanya kazi, na pengo likifungika msukumo wake unafungika nalo. Wahandisi wachanga huuliza hapa kwamba dimbwi lenyewe si linalimbikiza? Linalimbikiza, ila usumbufu unaingia ndani ya dimbwi hilohilo. Limbikizo linaloweza kuufuta usumbufu wa kudumu lazima liwe upande wa kidhibiti, kabla ya mahali usumbufu unapoingia. Francis na Wonham waliliweka jambo hili katika hoja ya jumla mwaka 1976: kidhibiti kinachofuta kabisa usumbufu wa aina fulani lazima kiwe na ndani yake mfano wa kinachozaa usumbufu huo, na kwa usumbufu wa kudumu mfano huo ni limbikizo.

Tafuta anayekumbuka

Sehemu hii ndiyo kiini cha kazi yote, na ndiyo inayotofautisha uchambuzi wa udhibiti na uchoraji wa mishale. Ukiona kiasi kinarudi palepale chini ya usumbufu wa kudumu, mwilini pana kitu kinachojumlisha pengo kadiri muda unavyopita na kuendelea kusukuma hata baada ya pengo kufungika. Kinafanya kazi kama daftari la madeni la mwenye duka: deni la jana halifutiki kwa sababu leo mteja amelipia sukari yake taslimu.

Ongeza limbikizo L katika hesabu. Kasi ya ukuaji wa L ni P, na nyongeza inayoingia katika dimbwi ni aP + bL. Weka a = 15 na b = 15, kisha fungua lahajedwali. Weka hatua ya muda ya siku 0.01, ambayo ni robo saa hivi, na safu tatu: muda, P, na L. Mstari wa kwanza wote ni sifuri. Katika kila mstari unaofuata, P mpya ni P ya zamani pamoja na 0.01 × (30 − 15P − 15L), na L mpya ni L ya zamani pamoja na 0.01 × P, ukitumia thamani za mstari uliotangulia. Mstari wa pili utakuwa na P ya 0.3 na L ya 0. Wa tatu utakuwa na P ya 0.555 na L ya 0.003. Wa nne utakuwa na P ya 0.771 hivi. Ukipata namba nyingine, kagua kama hukutumia L ya mstari huohuo badala ya ule wa juu yake, kwa kuwa makosa mengi ya jedwali hili huanzia hapo.

Vuta fomula hadi mistari 400, uone siku nne. Pengo linakua hadi gramu 1.7 hivi katika saa ya tano, kisha linapungua polepole, na siku ya tatu limebaki chini ya gramu 0.1 wakati maziwa yanatoka vilevile. Sura hii inafanana na ya ng'ombe halisi, isipokuwa chini kabisa imefikiwa mapema mno. Tofauti hiyo ina maana, nami nitaieleza baadaye. Kwa kuwa milinganyo hii ni ya mstari, mapengo yote hukua kwa uwiano wa U: mfugaji ambaye ng'ombe wake anatoa kilo 10 tu za maziwa atakuwa na U ya gramu 12, na kila pengo katika jedwali litakuwa asilimia 40 ya lile la awali. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi wale wanaotoa maziwa mengi.

Sasa L ni nini mwilini? Jibu la El-Samad na wenzake ni umbo tendaji la vitamini D, ambalo figo hulitengeneza kwa kasi inayoongozwa na homoni ya paratiroidi. Kwa kuwa homoni inafuata pengo, na kasi ya utengenezaji inafuata homoni, kiasi cha vitamini kinakuwa jumla ya mapengo yaliyopita, nayo vitamini huuamuru utumbo ufyonze zaidi. Ni jibu zuri, na mgawanyo wake ni wa kupendeza: mifupa inabeba sehemu ya uwiano na utumbo unabeba sehemu ya limbikizo.

Hapa ndipo ninapokuwa na shaka, na ningependa msomaji ajifunze kuwa nayo katika kila mfumo. Limbikizo la kweli halivuji. Molekuli karibu zote mwilini huvuja, maana huvunjwa kwa kasi inayolingana na wingi wake. Ukiongeza uvujaji m, kasi ya ukuaji wa L ni P − mL, na pengo la mwisho si sifuri tena bali ni U/(a + b/m). Kwa m ya 0.1 kwa siku, yaani kumbukumbu ya siku kumi hivi, pengo linalobaki ni gramu 0.18, ambalo kipimo cha maabara ni vigumu kulitofautisha na sifuri. Kwa m ya 1 kwa siku, pengo linabaki gramu 1 kamili, na hilo lingeonekana. Umbo tendaji la vitamini D hudumu katika damu kwa saa tu, wala si kwa siku. Kwa hiyo kumbukumbu ndefu, kwa maoni yangu, inapaswa kutafutwa pia chini yake: katika protini za kubeba kalsiamu zinazojengwa ndani ya seli za utumbo, katika seli zinazoyeyusha mifupa ambazo huajiriwa taratibu na kuishi siku nyingi, na katika ukuaji wa tezi zenyewe. Uchambuzi wa 2002 haubatiliki kwa hilo. Umbo lake linabaki, ila jina la anayekumbuka huenda likawa la zaidi ya mmoja.

Kwa mifumo mingine, kuna sura mbili zinazofaa kutazamwa unapomtafuta anayekumbuka. Ya kwanza ni molekuli ambayo kimeng'enya kinachoivunja kimeshajaa, hivyo huvunjwa kwa kasi ileile iwe nyingi au chache. Bakteria wanaoogelea kuelekea chakula hutumia hila ya jamii hiyo: Barkai na Leibler walitoa mfano wao mwaka 1997, na mwaka 2000 Yi, Huang, Simon na Doyle wakaonyesha kwamba ndani ya mfano huo mna udhibiti limbikizi. Ya pili ni molekuli mbili zinazoangamizana zinapokutana, moja ikitengenezwa kwa kasi isiyobadilika na nyingine kwa kasi inayofuata kiasi kinacholindwa, ambapo tofauti ya wingi wao ndiyo limbikizo. Briat, Gupta na Khammash waliieleza hila hii mwaka 2016, na mwaka 2019 ilichapishwa ikiwa imejengwa na kufanya kazi ndani ya seli hai za bakteria.

Ongeza uchelewaji, kisha utafute mahali mfumo unapoyumba

Utumbo hauamki mara tu vitamini inapopanda. Inachukua siku moja hivi kabla ufyonzaji haujaongezeka kwa maana, na mifupa huhitaji hata siku mbili kufikia utoaji mkubwa wa kudumu, ingawa ina sehemu ndogo ya kalsiamu inayotoka haraka. Hii ndiyo sababu ng'ombe halisi hufika chini kabisa baada ya saa 12 hadi 24, wakati jedwali letu lilisema saa ya tano.

Weka safu ya nne, W, inayoifuata L kwa kuchelewa: kasi ya W ni (L − W)/c, ambapo c ni siku 1, na katika mizani badilisha bL iwe bW. Bila hata kuendesha jedwali, kanuni ya uthabiti ya Routh inakuambia kwamba mfumo huu hutulia ikiwa tu (1 + ac) × a inazidi bc. Kwa a ya 15, upande wa kushoto ni 240 na wa kulia ni 15. Uko salama mno. Shusha a iwe 3. Upande wa kushoto sasa ni 12, ambao ni mdogo kuliko 15, na mfumo unaanza kuyumba kwa mawimbi yanayokua.

Tazama kilichotokea. Hatukugusa mkono wa polepole hata kidogo. Tumedhoofisha ule wa haraka, na mkono wa polepole ukageuka kuwa hatari. Udhibiti wa uwiano, ambao awali ulionekana kushindwa kwa sababu hauwezi kufunga pengo, ndio unaolipatia limbikizo nafasi ya kufanya kazi yake bila kupitiliza. Kwa upande wa mnyama, hali ni mbaya hata kabla ya mawimbi: kwa a ya 3, pengo linafika gramu 4.5 katika saa tano hivi, kiwango cha damu kimeshuka hadi miligramu 50 kwa lita, na ng'ombe amekwisha kulala.

Maisha yana njia nyingi za kushusha a. Ng'ombe aliyezaa mara nyingi ana mifupa isiyoitikia upesi kama ya mtamba anayezaa mara ya kwanza. Magnesiamu ikipungua katika damu, tezi hutoa homoni kidogo na viungo huisikia kwa shida. Malisho yenye potasiamu nyingi huifanya damu ielekee upande wa alkali, na vipokezi vya homoni katika mifupa na figo huzibika masikio. Majani ya nepia yanayomwagiwa samadi na mkojo wa zizi mwaka baada ya mwaka yanaweza kuwa na potasiamu nyingi za kutosha kuleta hali hiyo. Mambo matatu ambayo katika vitabu vya mifugo huwekwa kurasa tofauti yanaingia katika herufi moja ya mlinganyo.

Usisahau pia vikomo. Mlinganyo wa mstari unadhani mifupa na utumbo vinaweza kutoa chochote vinachoombwa, lakini kila kiungo kina kasi ya juu kabisa. Katika jedwali, tumia fomula ya kuchagua namba ndogo kati ya aP + bW na kikomo fulani, kwa mfano gramu 25 kwa siku. U ikiwa 30 na kikomo 25, hakuna limbikizo litakaloliokoa dimbwi. L itaendelea kupanda bila faida, na dawa pekee ni kupunguza U au kuleta kalsiamu kutoka nje.

Tumia mfano kutabiri matibabu

Mfano wa udhibiti una thamani pale unapotoa utabiri ambao hukuuweka ndani yake. Chupa ya mililita 500 ya kalsiamu borogluconeti ya asilimia 23 ina gramu 10 hadi 11 za kalsiamu, na daktari wa mifugo huitia kwenye mshipa polepole huku akisikiliza moyo, kwa sababu ikiingia haraka moyo unaweza kusimama. Katika jedwali letu, dimbwi lililokuwa na gramu 4.5 linaruka hadi 15 hivi. Pengo linakuwa hasi, homoni inakatika, na L inaanza kurudi nyuma kwa kasi: kila saa ya ziada ya kalsiamu nyingi inafuta sehemu ya deni lililokuwa limeandikwa. Maziwa yanaendelea kutoka, dimbwi linashuka tena, na likifika mahali pa awali linakuta limbikizo limepungua kuliko lilivyokuwa kabla ya sindano. Mfano unatabiri kwamba baadhi ya ng'ombe watainuka kisha wataanguka tena, na ndivyo inavyotokea mabandani. Unatabiri pia kwamba kuongeza chupa ya pili juu ya ng'ombe aliyekwisha kuinuka si ukarimu, na kwamba kiasi kidogo cha kalsiamu kupitia mdomoni kwa siku moja au mbili zinazofuata kinavuruga kidhibiti cha ndani kwa kiasi kidogo zaidi. Kipimo na njia ya kutoa dawa vibaki mikononi mwa daktari. Jedwali linaeleza kwa nini, halisemi ni mililita ngapi kwa ng'ombe aliye mbele yako.

Kinga nayo husomeka upya. Kupunguza kalsiamu ya chakula kwa majuma machache kabla ya kuzaa huleta pengo dogo mapema, na L inapanda kabla U haijafika. Jaribu kuanza jedwali kwa L ya 1 badala ya 0 uone kilele cha pengo kinavyoshuka. Njia hii inataka kalsiamu ya chini ya gramu 20 hivi kwa siku, na kwa malisho ya kawaida ni vigumu kuifikia: kilo 10 za lusina kavu peke yake huwa na zaidi ya gramu 100. Njia ya pili, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Norway, ni kulisha chumvi zenye kloridi na salfeti ili damu irudi upande wa asidi kidogo, na hiyo hairekebishi L bali inarudisha a. Uzuri wake kwa mhandisi ni kwamba ina kihisi chake: asidi ya mkojo hupimwa kwa karatasi ya kupimia, na kipimo cha pH kikiwa kati ya 6 na 7 katika wiki ya mwisho, chumvi zinafanya kazi.

Jaribu kuuangusha mfano wako

Usiuamini mfano kwa sababu mstari wake unapita katikati ya nukta. Ukiwa na vigezo vinne, mistari mingi itapita hapo. Chukua vipimo vya damu vya kila saa sita kuanzia kuzaa, rekebisha a, b, c na m kwa ng'ombe mmoja, kisha utabiri ng'ombe mwingine kwa kubadilisha U peke yake kulingana na maziwa aliyotoa. Halafu badilisha umbo la usumbufu. Mfano wenye limbikizo moja hufuta usumbufu unaokaa palepale, lakini maziwa yakiongezeka kwa mwendo sawa siku hadi siku, unapaswa kuacha pengo dogo lisilofungika, ambalo ukubwa wake ni mwendo huo ukigawanywa kwa b. Kwa ongezeko la gramu 1.5 za kalsiamu kwa siku kila siku, na b ya 15, pengo hilo ni gramu 0.1, yaani mwishoni mwa uwezo wa kupima. Kwa hiyo jaribio la namna hii halimfai ng'ombe wa kawaida, na watafiti hutumia usumbufu wa kutengenezwa: dawa inayoshika kalsiamu, kama EDTA, hutiwa kwenye mshipa kwa kasi inayodhibitiwa, hivyo U inakuwa mikononi mwa mpimaji, nayo inaweza kupandishwa, kushikiliwa au kukatwa ghafla. Sehemu ya kukata ndiyo inayofundisha zaidi. Dawa ikisimamishwa, mfano wa uwiano mtupu unatabiri kwamba kalsiamu itarudi kwenye mstari na kuishia hapo, na mfano wenye limbikizo unatabiri kwamba itapanda juu ya mstari kwa muda, hadi deni lililoandikwa limalizike.